Kuitafuta Shoti Isiyoonekana

Katika Kiswahili cha kila siku neno "shoti" hubeba mizigo miwili, kwa kuwa mtu aliyeshika waya wenye umeme akatetemeshwa husemwa kwamba amepigwa shoti, na nyaya mbili zilizogusana zikatoa cheche na kuzima nyumba nzima husemwa vilevile kwamba zimepiga shoti. Sura hii inahusu maana ya pili peke yake, yaani hali ambayo mkondo wa umeme, badala ya kupitia kwenye taa, pasi au redio iliyokusudiwa, unajipatia njia ya mkato kutoka waya wa moto, ule unaoleta umeme, hadi waya wa kuurudisha, ambao mafundi huuita nyutro. Njia hiyo ya mkato haina kitu chochote cha kuuzuia mkondo, na kwa hiyo mkondo hupanda hadi kiwango ambacho waya haukutengenezwa kukibeba.

Ukubwa wa kiwango hicho unaweza kukadiriwa kwa hesabu ya darasani. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, na taa ya wati 10 huvuta takriban ampea 0.04 tu, mkondo mdogo ambao waya haupati hata uvuguvugu kwa kuubeba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ambao ndio hutumika sana kwa taa, una ukinzani, yaani nguvu ya kuuzuia mkondo, wa takriban omu 12 kwa kila kilomita. Shoti ikitokea mita 20 kutoka kwenye kisanduku cha breka, safari ya kwenda na kurudi inakuwa mita 40, ukinzani wake unakaribia nusu omu, na volti 230 zikigawanywa kwa nusu omu zinatoa ampea 460. Ni kweli kwamba ukinzani wa laini ya nje hupunguza kiasi hicho, na katika kijiji kilicho mbali na transfoma hukipunguza sana, lakini hata ampea 100 zinatosha kuiangusha breka ya ampea 6 papo hapo. Breka ni swichi inayojizima yenyewe mkondo unapozidi, na ndiyo iliyochukua nafasi ya fyuzi ya zamani katika nyumba nyingi.

Hapo ndipo ugumu wa kazi unapoanzia. Shoti ni tukio kubwa, lenye mlio na harufu, lakini breka inapoanguka ushahidi wote huzimika pamoja na umeme, na fundi hubaki na makumi ya mita za waya ambazo kila mita inafanana na nyingine. Wengi huanza kutafuta kwa macho, wakipandisha ngazi na kumulika kila kona ya dari, na mara nyingine hubahatika. Fundi mwenye uzoefu hafanyi hivyo. Yeye hugawa njia ya umeme vipande viwili, akauliza kila kipande kama kina kosa, akakiacha kilicho salama na kukigawa tena kilicho kibaya, hadi mahali pa kutazama panapobaki padogo kiasi cha kutoshea viganja viwili.

Somo hili lina uzito wake katika vijiji vya Handeni na Korogwe. Mto Pangani unaoipita Korogwe umekuwa ukizalisha umeme pale Hale tangu mwaka 1964, na mitambo mipya ya Maporomoko ya Pangani, yenye uwezo wa megawati 68, ilianza kazi mwaka 1995. Hata hivyo vijiji vingi vya wilaya hizi mbili vilifikiwa na nguzo baada ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, kuanza kazi mwaka 2007. Matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi zilikuwapo kabla ya umeme, na nyaya zikaingizwa ndani ya kuta na paa ambazo hazikuwa zimezitarajia. Katika nyumba ambayo umeme ulipangwa tangu msingi, nyaya hupita ndani ya mabomba ya plastiki yaliyofukiwa ukutani. Katika nyumba ya zamani, iwe ya matofali ya kuchoma au ya miti na udongo, waya hupigiwa klipu juu ya boriti na kuifuata mtambaapanya, ubao ule unaolala juu ya ukuta kupokea paa, na jina la ubao huo linaeleza vizuri kuliko kitabu chochote cha umeme ni nani mwingine anayeitumia njia hiyo usiku.

Kabla ya kuingia katika nyumba kama hiyo, inafaa kuitazama shoti mahali ambapo nyaya zote ziko uchi na kila kitu kinaonekana, yaani kwenye meza ya treni za mfano. Huu ni mchezo wa watu wazima ulioenea Ulaya na Marekani, ambapo reli, stesheni na mabehewa hutengenezwa kwa vipimo vilivyopunguzwa. Kipimo kinachopendwa zaidi hupunguza kila kitu mara 87, na mtu ambaye angetaka kuijenga mezani stesheni ya Korogwe, ambayo njia ya reli ya Wajerumani kutoka Tanga iliifikia mwaka 1902, angelaza reli zilizoachana kwa milimita 12, kwa kuwa njia halisi ina upana wa mita moja. Katika treni za aina hii reli mbili zenyewe ndizo nyaya: moja huleta umeme wa takriban volti 12, nyingine huurudisha, na injini huuchota mkondo kwa magurudumu yake. Basi kila kitu cha chuma kinachozigusa reli zote mbili kwa pamoja, iwe skrubu iliyoanguka, bisibisi iliyosahauliwa au behewa lililotoka nje ya njia, ni shoti, na treni zote za meza nzima husimama kwa mara moja bila kusema mkosaji ni nani.

Mchezo huu hufundisha jambo ambalo fundi wa majumbani huchelewa kulitambua, kwamba shoti inaweza kuwapo bila kitu chochote kuharibika. Reli ikipangwa ili treni iingie kwenye kitanzi, izunguke na kurudi katika njia ileile iliyotoka, reli ya kushoto hukutana na ya kulia pale kitanzi kinapofunga, na umeme hupiga shoti siku ya kwanza, wakati kila kipande ni kipya na kila kiungo ni safi. Kosa liko katika umbo la njia. Dawa yake ni kuikata reli pande zote mbili za kitanzi na kukilisha kipande hicho kwa swichi yake; kampuni ya Märklin ya Ujerumani ililikwepa tatizo lote kwa kuweka njia ya tatu ya umeme katikati na kuzifanya reli zote mbili za pembeni kuwa za kurudishia, jambo ambalo wapenzi wa uhalisia huliona kuwa ni udanganyifu, ingawa halijawahi kuwasumbua watoto. Majumbani mfano wa karibu ni taa ya ngazi au ya ukumbi inayowashwa na kuzimwa katika swichi mbili: fundi akipeleka waya wa moto na nyutro vyote viwili kwenye kila swichi, kama wengine walivyofanya kwa kubana matumizi ya waya, taa hiyo inaweza kuwaka na kuzimika vizuri, lakini waya wa moto na nyutro vinakuwa vimekaa jirani ndani ya swichi, kila mbonyezo wa swichi ukivitenganisha kwa upenyo mdogo tu.

Reli kubwa nazo zinaijua shoti, tena zimeifanya mtumishi. Mmarekani William Robinson alipata hataza mwaka 1872 ya kupitisha mkondo mdogo kwenye reli za kipande kimoja cha njia, mkondo ambao huishikilia ishara ionyeshe kwamba njia ni nyeupe. Treni inapoingia, ekseli zake huziunganisha reli mbili, mkondo hukatiza njia kupitia kwenye ekseli, ishara hukosa umeme na kuonyesha hatari. Uzuri wa mpango huo ni kwamba waya ukikatika au betri ikifa, ishara huonyesha hatari vilevile. Kinachofaa kuchukuliwa hapo kwa ajili ya sura hii ni ile hatua ya kuigawa njia ndefu vipande vilivyotenganishwa, ili mguso wowote wa reli mbili utambulike kuwa umetokea katika kipande gani.

Sasa turudi vijijini, tuseme Kwedizinga wilayani Handeni, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo breka yake ya taa inaanguka kila inapoinuliwa. Hatua ya kwanza haihitaji chombo. Vitu vyote vinavyochomekwa huchomolewa kwenye soketi, na kuchomoa ni tofauti na kuzima, kwa sababu waya wa pasi uliochakaa karibu na plagi hupiga shoti kabla umeme haujafika kwenye swichi ya pasi yenyewe. Kisha swichi zote za taa huzimwa na breka huinuliwa mara moja. Ikishika, kosa liko mbele ya mojawapo ya swichi, na kuwasha moja baada ya nyingine kutaonyesha ni ipi, kwani breka itaanguka pale swichi yenye kosa itakapobonyezwa. Sehemu ya kutafuta imekwisha kupungua kutoka nyumba nzima hadi waya unaoshuka kutoka swichi hiyo hadi kwenye holda ya taa. Ikianguka hata swichi zote zikiwa zimezimwa, kosa liko kwenye njia kuu inayozilisha swichi, na hapo mchezo wa kuinua breka hukoma. Kila inapoinuliwa juu ya shoti, mamia ya ampea hupita kwa kitambo kidogo kwenye kila kiungo kilichoko njiani, na kiungo kilicholegea hujeruhiwa kwa kosa lisilo lake.

Hatua ya pili hufanywa umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na fundi akiwa amehakikisha kwa testa kwamba umezimika kweli. Chombo ni mita, ile ndogo yenye waya mwekundu na mweusi inayouzwa madukani kwa bei ya kuku mmoja au wawili, ikiwekwa kwenye sehemu ya kupimia ukinzani au ile inayolia inapokuta njia iliyofunga. Waya wa moto na nyutro wa sakiti inayotuhumiwa, sakiti ikiwa ni mzunguko mmoja wenye breka yake, hutolewa vyote viwili kwenye kisanduku. Wengi hutoa wa moto peke yake, nao hudanganyika, kwa sababu nyutro za sakiti zote zimefungwa kwenye baa moja, na mita inaweza kulia kwa ajili ya kosa la chumba kingine au la njia ya soketi.

Mita ina mipaka yake. Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa takriban omu 0.015 kwa kila mita ukihesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo shoti iliyo umbali wa mita 10 huonyesha omu 0.15, na nyaya za mita yenyewe zikigusanishwa zinaweza kuonyesha omu 0.2 au zaidi. Mita ya bei nafuu basi hujibu kama shoti ipo. Iko wapi haiwezi kusema. Isitoshe, hita ya wati 2,000 iliyosahauliwa kwenye soketi ina omu zisizozidi 27, na mita nyingi zitalia kwa furaha zikidhani zimeipata shoti. Hii ndiyo sababu ya kuchomoa kila kitu kwanza.

Kwa kuwa mita haijui umbali, fundi huutafuta umbali kwa kugawa. Njia ya taa hupitia kwenye visanduku vya maungio, na mahali pazuri pa kufungua ni kisanduku kilicho katikati, si cha kwanza. Maungio yakitenganishwa hapo, mita huulizwa upande wa kisanduku cha breka, kisha upande wa mbele, na mmoja wao tu ndio utakaolia. Njia yenye vipande vinane humalizwa kwa maswali matatu, na yenye vipande kumi na sita kwa maswali manne, ilhali anayefungua kisanduku kimoja baada ya kingine kuanzia mlangoni anaweza kufungua vyote. Wachezaji wa treni za mfano hufanya hivyohivyo kwa kuzigawa reli zao tangu mwanzo katika wilaya ndogondogo, kila moja na swichi yake, na inashangaza kwamba meza ya mchezo hupangwa kwa uangalifu huo wakati nyumba ya kulala watoto hufungwa taa zote na soketi zote kwenye breka moja.

Mwisho wa kugawa ni kipande cha waya cha mita tatu au nne, na hapo macho hupewa kazi yao. Juu ya mtambaapanya, hasa katika miezi baada ya mavuno mahindi yanapolundikwa darini, kinachotangulia kuonekana ni vumbi la plastiki lililosagwa laini kama pumba, na juu yake waya ulioguguniwa upande mmoja, shaba ikiwa inang'aa na alama mbilimbili za meno. Panya hali plastiki. Huyanoa meno yake ambayo hayaachi kukua. Kosa jingine la mahali hapo ni la fundi: msumari wa klipu uliopigwa kwa pembe ukaingia katikati ya waya bapa, ukakaa hapo mwaka mzima bila madhara, hadi joto la bati mchana na baridi ya usiku vilipoulainisha na kuukaza waya mara nyingi za kutosha, msumari ukazigusa nyaya mbili. Dalili yake ni doa dogo jeusi kuzunguka kichwa cha msumari, lisilozidi ukubwa wa punje ya mtama. Msumari wa bati wenye kofia, uliopenya paa na kuukuta waya chini yake, huacha doa lilelile, ila hilo huonekana kwa anayetazama kutoka chini kwenda juu.

Shoti inayokuja na kuondoka ni mtihani wa aina nyingine. Taa ya nje iliyo chini ya upenu huangusha breka wakati wa masika na kushika vizuri kiangazi, na fundi aliyeitwa siku ya jua hupima, hakuti kitu, hulipwa nauli na kuondoka. Mita yake inatumia betri ndogo, na volti chache za betri haziwezi kuuruka upenyo wa masizi au unyevunyevu ambao volti 230 huuruka bila shida. Chombo kinachohitajika hapo ni kile ambacho mafundi hukiita mega, kinachosukuma volti 500 kwenye waya uliozimwa na kupima kama gamba lake la plastiki linaushikilia umeme. Waya mzima huonyesha angalau megaomu 1, yaani omu milioni moja, na kwa kawaida zaidi ya hapo. Kabla ya kukitumia, taa zote na vyombo vyote huondolewa, kwa kuwa volti 500 zinaweza kuziua taa za LED ambazo hazikuwa na hatia yoyote.

Kwa pikipiki za bodaboda, ambazo kwenye barabara za vumbi kati ya vijiji vya Handeni ni nyingi kuliko nyumba zenye mega, njia ya zamani zaidi bado ndiyo bora. Umeme wa pikipiki ni wa volti 12, na fremu nzima ya chuma, ambayo mafundi huiita bodi, ndiyo nyutro yake. Kwa hiyo waya wa moto hauhitaji kukutana na waya mwenzake, unatosha kuchubuka sehemu moja na kuigusa fremu. Mahali panapochubuka mara kwa mara ni shingo ya usukani, ambapo kifurushi chote cha nyaya hukunjwa kila pikipiki inapokata kona. Fyuzi huungua, dereva huweka nyingine, nayo huungua, na baada ya ya tatu yupo atakayeshauri kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara inayong'aa. Ushauri huo hauondoi shoti. Huihamisha sehemu itakayoungua kutoka kwenye fyuzi ya bei ya pipi hadi kwenye kifurushi cha nyaya kilicholala chini ya tangi la petroli.

Badala yake, fundi huchukua balbu ya indiketa ya wati 10 iliyofungwa nyaya mbili na kuiweka mahali pa fyuzi, taa kubwa na vyombo vingine vikiwa vimezimwa. Balbu hiyo huruhusu chini ya ampea moja tu ipite, hivyo shoti inaweza kuachwa ikiendelea bila kuunguza kitu, na maadamu ipo balbu huwaka kwa nguvu zake zote. Wachezaji wa treni za mfano hufunga balbu za gari kwenye reli zao kwa sababu hiyohiyo, na mafundi wa zamani wa majumbani walitumia balbu ya wati 100 yenye uzi. Jicho la fundi hubaki kwenye balbu na mkono wake hutembea juu ya kifurushi cha nyaya, ukikibonyeza, ukikikunjua, ukichomoa soketi ya taa ya nyuma, kisha ya honi, kisha ya swichi ya breki, na kila soketi iliyochomolewa bila balbu kufifia huondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Usukani ukizungushwa kushoto balbu ikazimika, na ukirudishwa kulia ikawaka, hakuna haja ya kufungua kitu kingine zaidi ya utepe ulioko shingoni. Waya uliochubuka husafishwa, hufungwa tepu nyeusi, na kifurushi husogezwa kutoka kwenye ukingo wa chuma na kufungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu, kikiachiwa ulegevu wa kutosha. Kisha usukani huzungushwa hadi mwisho pande zote mbili, mara kumi au zaidi, balbu ikiwa bado mahali pake na bila kuwaka, ndipo inapotolewa na fyuzi mpya kuwekwa.